Jina Katika Daftari la Dola: Mateso ya Wayahudi na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kwa wakazi wengi wa Mabatini, kata ya jiji la Mwanza ambayo jina lake linakumbusha mabati ya mapaa, Myahudi ni mtu wa maandiko kabla hajawa mtu wa historia: hutajwa kanisani katika habari za Ibrahimu, Musa na safari ya kutoka Misri, hutajwa msikitini miongoni mwa Watu wa Kitabu, na majina ya wahenga wake, Yakobo, Yusufu, Daudi na Suleimani, ndiyo majina ya watoto wanaoitwa nyumbani kila jua linapozama. Kwa sababu hiyo habari za dola zilizowatesa Wayahudi, na hatimaye za dola moja iliyowaua takribani milioni sita, zimezoeleka kusomwa kama habari za Ulaya tupu, za baridi na magari-moshi, zisizogusa nchi ya mawe na sangara. Usomaji huo una kasoro. Kati ya 1890 na 1994 Ziwa Victoria liliingia katika habari hiyo mara kadhaa, wakati mwingine kama jina kwenye ramani, wakati mwingine kama kimbilio lililoahidiwa juu ya ardhi ya watu wengine, na mara moja, jambo lisilotajwa sana hata na wale wanaozijua siku za Vita vya Kagera kwa kichwa, kama mahali ambapo jeshi la Tanzania lilikomesha marufuku ya ibada ya Kiyahudi bila kuwa limekwenda kwa kazi hiyo.

Kabla ya kwenda mbali inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. Chuki ya jirani kwa jirani ni kitu cha kale na kimeenea kote. Huwaka kwenye kilabu cha pombe au mnadani na mara nyingi huzimika kabla ya asubuhi. Mateso ya kidola ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa dola ina karani, daftari, mhuri, mahakama na gereza, na haihitaji kukasirika ili iumize. Hatua yake ya kwanza karibu kila mara ni ya kiofisi: kuamua nani ni nani, na kuuandika uamuzi huo mahali ambapo mwenye jina hawezi kuufuta. Ndivyo ilivyokuwa wafalme wa Uingereza walipowafukuza Wayahudi mwaka 1290 na wale wa Hispania mwaka 1492, ingawa katika zama hizo mlango mmoja uliachwa wazi, kwani Myahudi aliyekubali kubatizwa aliweza, angalau kwa maandishi, kuacha kuwa Myahudi. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kwamba mlango huo ulifungwa, na dola ikaanza kuulizia babu badala ya imani.

Mtu mmoja aliyepita katika mlango huo ulipokuwa bado wazi ameacha jina lake Ziwani. Anayesimama karibu na kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza, huliona Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani, na anayeifuata ramani kuelekea kusini-magharibi, upande wa Chato, hukuta Ghuba ya Emin Pasha. Jina hilo la Kituruki lilikuwa la mtu aliyezaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, mkoa wa Silesia, kwa wazazi Wayahudi, akaitwa Eduard Schnitzer. Baba yake alifariki angali mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika Ulutheri. Alisomea udaktari, akaikosa idhini ya kuifanya kazi hiyo Prussia, akaenda kutumikia katika Milki ya Osmani, akavaa jina la Emin na desturi za Kiislamu, na kufikia 1878 alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya serikali ya Misri. Uasi wa Mahdi ulipomkatia njia ya kaskazini, Henry Morton Stanley aliongoza msafara wa kumwokoa, naye akaokolewa, kwa hiari nusu, na kuteremshwa pwani. Njiani mwaka 1889 walipumzika Usambiro, kusini mwa Ziwa, kwa mmisionari Alexander Mackay, ambaye alifariki hapohapo miezi michache baadaye.

Mwaka 1890 Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi bara akitokea Bagamoyo, na mwezi Novemba akaanzisha kituo cha Bukoba, cha kwanza cha utawala wa Kijerumani katika mwambao wa magharibi wa Ziwa. Hakukaa: mwaka uliofuata alielekea magharibi, na Oktoba 1892 aliuawa mashariki mwa Kongo. Wasifu huu una ncha moja inayostahili kuangaliwa. Kwa sheria ambayo Ujerumani iliitunga miaka 45 baada ya kituo hicho kusimama, mtu mwenye mababu na mabibi wanne wa Kiyahudi alikuwa Myahudi hata kama alibatizwa utotoni, hata kama alisali kama Mwislamu, hata kama aliipandisha bendera ya Ujerumani katika nchi ya Wahaya. Mwasisi wa Bukoba asingeruhusiwa kushika hata kazi ya kuuza stempu katika posta ya Berlin.

Boma la Mwanza lilifuata, kisha pamba, kodi na njia za wabeba-mizigo, na pamoja navyo ukafika mtindo wa kutawala kwa kupanga watu katika mafungu. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji bado vinaunguza kusini na njaa iliyopandwa kwa makusudi ikiua watu kwa makumi ya maelfu, serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wenyeji, mwaka mmoja baada ya marufuku kama hiyo katika koloni la Kusini-Magharibi, ambako Waherero na Wanama walikuwa wakiangamizwa. Wapo wanahistoria wanaochora mstari ulionyooka kutoka makoloni hayo hadi kambi za mauaji za 1942, na wapo wanaoukataa. Mstari ulionyooka hauonekani vizuri, kwa kuwa Uingereza, Ubelgiji na Ureno nazo zilitawala kwa mjeledi bila kufika huko. Kinachoonekana ni kwamba mawazo ya damu, ya rangi na ya ndoa iliyo haramu kwa sababu ya nasaba yalikuwa yamekwisha kufanyiwa kazi na makarani wa Kijerumani, katika lugha ya kisheria, kabla hayajarudishwa nyumbani.

Wakati huo tishio kubwa kwa Wayahudi halikuwa Ujerumani bali Urusi. Dola ya Tsar iliwalazimisha Wayahudi wake walio wengi kuishi ndani ya eneo maalumu la magharibi, ikawawekea viwango vya kuingia shule na kazi, na mara kwa mara iliyafumbia macho mashambulizi ya makundi dhidi ya mitaa yao, mashambulizi yanayojulikana kwa neno la Kirusi pogromu. Aprili 1903 katika mji wa Kishinev watu 49 waliuawa, mamia wakajeruhiwa na nyumba zikavunjwa, na habari hiyo ikaitikisa dunia. Miezi michache kabla, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amesafiri kwa reli mpya iliyofika Ziwani Kisumu Desemba 1901, akaona nyanda za juu zenye ubaridi, akafikiri kwamba hapo pangewafaa Wazungu. Agosti 1903 serikali yake ilimwandikia mwakilishi wa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, yaani harakati za kuwapatia Wayahudi nchi yao, kwamba ingeweza kuwatengea ardhi, na uwanda uliopendekezwa ukawa wa Uasin Gishu, eneo la kilomita za mraba zipatazo 13,000.

Mpango huo umebaki ukiitwa wa Uganda, ingawa uwanda wenyewe ulikuwa umekatwa kutoka Uganda na kutiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Katika mkutano wa Basel wajumbe 295 walikubali kutuma tume ya uchunguzi na 178 wakakataa, baadhi ya waliokataa, hasa wale wa Urusi, wakatoka nje kwa uchungu, kwa maana hao ndio waliokuwa na makaburi mabichi na bado hawakutaka nchi nyingine isipokuwa Palestina. Tume ya watu watatu ilizunguka uwanda mwanzoni mwa 1905 na mkutano uliofuata ukaikataa zawadi. Walowezi wa Kiingereza wa Nairobi, wakiongozwa na Lord Delamere, nao walikuwa wamepiga kelele tangu mwanzo kwamba Wayahudi maskini wasiletwe. Waliokosekana katika mabishano yote hayo ni Wanandi na Wamaasai, ambao ng'ombe wao walilisha pale na ambao hakuna aliyewaandikia barua. Mwaka huohuo wa 1905, mwezi Oktoba, kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei aliuawa na ofisa wa Kiingereza katika kikao kilichoitwa cha amani, na miaka michache baadaye uwanda ukagawiwa Makaburu. Watu waliofukuzwa na dola moja walikuwa wameahidiwa nchi ambayo dola nyingine ilikuwa inajiandaa kuwafukuza wenyewe.

Miaka 35 baadaye wazo lilirudi, safari hii kwa mdomo wa mtoto wa Chamberlain yuleyule. Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Januari 1933 katika nchi yenye Wayahudi wapatao nusu milioni, wasiofika hata mmoja katika kila watu mia, na serikali yake ilikwenda kwa hatua ambazo kila moja ilikuwa na tarehe na namba ya gazeti la serikali. Aprili 1933 Wayahudi waliondolewa katika utumishi wa umma. Septemba 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua uraia kamili na kuharamisha ndoa zao na Wajerumani wengine. Mwaka 1938 kila mwanamume ambaye jina lake halikutosha kumtambulisha aliamriwa kujiongezea jina Israel na kila mwanamke jina Sara, na Oktoba mwaka huo pasipoti zao zikagongwa mhuri mwekundu wa herufi J. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yalichomwa nchi nzima. Siku 12 baadaye Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, aliliambia Bunge lake kwamba serikali ilikuwa ikitazama uwezekano wa kuwapa wakimbizi ardhi katika Guiana ya Uingereza na katika Tanganyika.

Tanganyika ya 1938 ilikuwa mahali pa ajabu pa kumwahidi Myahudi usalama. Wajerumani walowezi walikuwa wamerudi kwa wingi tangu miaka ya 1920, Chama cha Nazi kilikuwa na tawi lake miongoni mwao, na Berlin ilikuwa ikidai irudishiwe makoloni yake yote. Mpango haukuzaa chochote cha maana. Wayahudi mamia kadhaa walifanikiwa kuingia Kenya kwa vibali vya kazi za mashambani, wengi wao mawakili, wafanyabiashara na madaktari waliojifunza ukubwani kukamua ng'ombe. Vita vilipoanza Septemba 1939 baadhi yao walikamatwa pamoja na Wanazi wa Kijerumani, kwa kuwa pasipoti yenye herufi J ilikuwa bado, machoni pa polisi wa Kiingereza, pasipoti ya adui. Mwaka 1940 Berlin yenyewe ilibuni mpango wa kuwahamishia Wayahudi wa Ulaya kisiwani Madagaska, mpango uliokufa kwa sababu Uingereza ilitawala bahari, na mwaka uliofuata, jeshi la Ujerumani lilipoingia Urusi, mauaji ya jumla yakaanza. Mkutano wa maofisa uliofanyika Wannsee, kando ya Berlin, tarehe 20 Januari 1942, ulishughulikia utaratibu tu: nani afuate nani, kwa treni zipi, kutoka nchi zipi. Msiba huo Wayahudi huuita kwa Kiebrania Shoa, na katika Kiswahili umezoeleka kuitwa Maangamizi Makuu.

Masazo ya vita hivyo yalitua hata Ziwani. Kuanzia 1942 Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na dola ya Stalin hadi Siberia, kisha wakaachiwa na kupitia Irani, waliletwa Afrika Mashariki: wapatao 5,000 wakakaa Tengeru karibu na Arusha, na wapatao 3,000 Koja, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Wengi mno walikuwa Wakatoliki, na Wayahudi miongoni mwao walikuwa wachache. Lakini hesabu ya wachache hao ni ya kikatili, kwa sababu Wayahudi milioni tatu wa Poland waliobaki chini ya Wajerumani waliuawa, na kupelekwa Siberia, adhabu iliyowaua wengi kwa njaa na baridi, ndiko kulikowanusuru hao wengine.

Na palikuwa na msemaji wa Kiswahili upande ule wa pili, Ujerumani kwenyewe. Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari wa Kisudani, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani tangu utotoni katika Vita vya Kwanza, na mwaka 1929 akafika Berlin, ambako alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwigizaji wa filamu. Alioa mwanamke Mjerumani Januari 1933, mwezi uleule ambao Hitler alipewa ukansela. Filamu yake kubwa ya mwisho ilikuwa ile ya 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu ambaye umaarufu wake ulitokana kwa sehemu na msafara wake mwenyewe wa kumtafuta Emin Pasha, na ambayo adui wake mkuu ni ofisa Myahudi wa wizara ya makoloni. Mswahili alicheza kama mtumishi mwaminifu katika kazi ya sanaa iliyotengenezwa ili Wayahudi wachukiwe. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Wayahudi walikuwa shabaha ya kwanza ya sheria za damu, ila sheria hizo, zikishapata ofisi na wafanyakazi, hazikuishia kwao.

Yote hayo yalitokea mbali au yalifika Ziwani kwa mwangwi. Kisa kilichotokea Ziwani kwenyewe kilianza ng'ambo, chini ya Mlima Elgon. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki ya Uganda na kisha akaona wamempokonya, alijitenga nao polepole, akajiunga na madhehebu ya Kimalaki yaliyokataa dawa za hospitali, akaisoma Biblia kwa ukali wa mtu aliyedanganywa, na akafikia uamuzi kwamba kama torati inaamuru tohara basi tohara ni lazima. Wafuasi walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwa vitendo kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na jamii iliyomfuata karibu na Mbale ikaitwa Abayudaya, jina la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Mgeni Myahudi aliyeitwa Yosef aliwafundisha baadaye kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, nao wakaendelea kuitunza Sabato yao mlimani, wakulima wa migomba na kahawa, bila kumdhuru mtu na bila kujulikana sana duniani.

Idi Amin aliponyakua madaraka Januari 1971 hakuwa adui wa Wayahudi hata kidogo. Alikuwa na beji ya askari wa miamvuli aliyoipata kwa Waisraeli, na maofisa wao walikuwa wakifundisha jeshi lake. Ugomvi ulitokana na silaha na fedha, ambazo Israel haikumpa kwa kiasi alichotaka na Libya ikaahidi. Machi 1972 aliwafukuza Waisraeli, Agosti akawafukuza Waasia kwa notisi ya siku 90, na Septemba, baada ya wanamichezo wa Israel kuuawa mjini Munich, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi iliyosifu alichofanya Hitler. Wengi waliyachukulia maneno hayo kama mzaha wa mtu asiye na breki. Kwa Abayudaya hayakuwa mzaha, kwa maana dola iliyotamka hivyo iliwapiga marufuku: masinagogi yao yakafungwa, Sabato ikawa kosa, na mkulima wa Nabugoye, karibu na Mbale, ambaye hajawahi kumwona Mwisraeli akageuka adui wa taifa kwa sababu ya namna alivyosali babu yake. Walio wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kwamba jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na 300 hivi, waliosali kwa siri majumbani kwa sauti ya chini.

Haya hayakuwa maangamizi, na itakuwa ni kuliharibu neno kuyaita hivyo. Amin aliwaua Waacholi na Walango kwa maelfu, na mbele ya mauaji hayo marufuku ya Mbale ilikuwa jambo dogo. Ila utaratibu wake ni uleule: mtu anafutwa kwa karatasi kwanza. Ulionekana tena waziwazi mwaka 1976 katika uwanja wa ndege wa Entebbe, ambao njia yake ya kurukia inaishia karibu kabisa na maji ya Ziwa. Ndege ya Ufaransa iliyotekwa tarehe 27 Juni na Wapalestina wawili na Wajerumani wawili ilitua hapo kwa ridhaa ya Amin. Siku ya tatu majina yalisomwa kutoka kwenye pasipoti, na walioitwa waliamriwa kuhamia chumba cha pili. Kigezo kilikuwa uraia wa Israel, si dini, ingawa Wayahudi wachache wasio Waisraeli walitiwa kundini pia. Lakini baadhi ya waliokuwa mle walikuwa wamewahi kusimama katika mstari wa namna hiyo utotoni, na sauti iliyotoa amri ilikuwa ya Kijerumani. Karibu watu 150 wa chumba cha kwanza waliachiwa. Wengi wa waliobaki waliokolewa na makomando wa Israel usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, na Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa amelazwa hospitali Kampala, aliuawa na watu wa Amin kama kisasi.

Kilichofuata Mwanza inakijua kwa jina jingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, na Novemba Julius Nyerere akatoa hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo wazee wa Kanda ya Ziwa hadi leo wanaweza kuiigiza kwa sauti yake. Vita vilipita upande wa magharibi wa Ziwa, lakini mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya iliyotumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza ilikosea, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Katika kalenda ya Kiyahudi jioni ya siku hiyo ulikuwa mkesha wa Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, na Abayudaya hawajaacha kuusimulia mgongano huo wa tarehe. Vikosi vilifika Mbale baadaye. Marufuku ikafa na utawala ulioitunga. Vitabu vya vita hivyo huandika habari za mizinga, za daraja la Kyaka na za gharama iliyoifilisi Tanzania kwa miaka, nalo hilo la Mbale huwa halimo, labda kwa sababu hakuna aliyelipanga.

Mto uliovipa vita hivyo jina ulirudi katika historia miaka 15 baadaye, na uliyoyaleta hayakuwahusu Wayahudi bali neno lililoundwa kwa ajili yao. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland ambaye ndugu zake 49 waliangamia, alikuwa ameunda mwaka 1944 istilahi ya kosa la kuangamiza kundi zima la watu, na Umoja wa Mataifa ukaifanya mkataba Desemba 1948. Kiswahili kimeitafsiri mauaji ya kimbari, kutokana na mbari, yaani ukoo au nasaba, na tafsiri hiyo ina usahihi fulani wa kutisha, kwa kuwa inataja palepale kinachowindwa. Kuanzia Aprili 1994 Watutsi wa Rwanda, pamoja na Wahutu waliokataa, waliuawa kwa idadi ambayo Umoja wa Mataifa uliikadiria kuwa 800,000 na serikali ya Rwanda kuwa zaidi ya milioni moja. Maiti nyingi zilitupwa mtoni, zikateremka maporomoko ya Rusumo, na Kagera ikazimwaga Ziwani. Upande wa Uganda wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo walizivuta na kuzizika, zaidi ya 10,000 katika makaburi ya pamoja yaliyopo hadi leo, na soko la samaki likaanguka, kwani nani angenunua sato au sangara ambaye haijulikani alikula nini. Juu ya daraja la Rusumo lenyewe, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kwa saa 24, wengi wao Wahutu waliolikimbia jeshi lililokuwa likisonga mbele, na ndani ya umati huo walikuwamo wauaji na wasio na hatia bila alama ya kuwatenganisha.

Mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba 1994 ilikaa Arusha, safari ya siku moja ya basi kutoka Mwanza, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, katika hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa iliyotumia mkataba wa 1948. Majaji walikutana na swali gumu la kisheria, kwa sababu Wahutu na Watutsi walisema lugha moja, walisali dini zilezile na walioana, na mkataba ulitaka kundi lenye mipaka. Sehemu ya jibu ilitoka katika kitambulisho ambacho Wabelgiji walikianzisha katika miaka ya 1930 na serikali huru zikakiendeleza: kadi ambayo kila raia mtu mzima alitakiwa kuibeba, yenye neno ubwoko, yaani kabila, na mbele yake orodha fupi iliyopigwa chapa, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, ambapo karani aliyakata kwa wino yasiyomhusu mwenye kadi, likabaki moja.